Asilimia 94 ya nani? Kisa cha oksimita na ngozi nyeusi

Mama yangu mdogo aliugua kifua katikati ya mwaka 2021. Jirani yetu alikuwa amenunua kile kidude cha kubana kidoleni, oksimita, kinachokadiria asilimia ya oksijeni kwenye damu, na nyumba kama sita hivi tulikuwa tukikiazima kwa zamu. Tulimfuta kidole, tukasubiri taa nyekundu itulie, namba ikatokea: 95. Tukashusha pumzi. Kesho yake asubuhi ikasoma 94, naye amekaa kitandani ameegemea mito miwili, maneno yanamtoka vipande vipande. Tulipomfikisha hospitali, sista aliyetupokea akambana kidole kwa oksimita ya pale. Nayo ikasema 94. Sista hakuridhika. Alishusha kanga kidogo kifuani, akainua macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. "Mama, pumzika, usiongee," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Kaka, anapumua mara 36. Namba hii mimi siitegemei." Akaenda kuvuta mtungi wa oksijeni.

Alipona, namshukuru Mungu. Damu yake haikupimwa maabara siku ile, kwa hiyo sidai kwamba oksimita zile mbili zilimdanganya. Lakini maneno ya sista yalinikaa, kwa sababu riziki yangu ni takwimu za ukaguzi wa ubora: kuangalia kama mfuko ulioandikwa kilo 50 una kilo 50, na kama mashine ya kujaza imeanza kupotoka. Kifaa kinachosoma vibaya nakijua. Nilichokuwa sikijui ni kifaa kinachofaulu ukaguzi wote, kikapewa cheti halali, halafu kikawa na makosa makubwa zaidi kwa watu wa aina moja kuliko wengine. Nilipoanza kusoma habari za oksimita, nilikuta kisa kamili cha jambo hilo, na nyaraka zake ziko wazi. Nataka kukichambua hatua kwa hatua, maana kosa lenyewe limekaa ndani ya hesabu ambayo watu wa fani yangu huifanya kila siku.

Tuanze na kidude chenyewe. Ndani ya kibano kuna taa mbili ndogo upande mmoja na kipokea mwanga upande wa pili. Taa moja ni nyekundu, ya wimbi la nanomita 660 hivi. Ya pili ni ya infraredi, nanomita 940 hivi, ambayo jicho haliioni. Himoglobini iliyobeba oksijeni humeza mwanga wa infraredi zaidi na kuuachia mwekundu upite; iliyokosa oksijeni hufanya kinyume chake. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, ndiye aliyeona mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukifuata tu ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, unabaki na damu ya ateri peke yake. Nyama, mfupa, kucha na ngozi havidundi, kwa hiyo kinadharia vinajifuta kwenye hesabu. Ni wazo zuri mno. Limeokoa watu wengi kwenye vyumba vya upasuaji, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeiweka oksimita kwenye orodha yake ya usalama wa upasuaji.

Ila hesabu ile haimalizii kwenye asilimia ya oksijeni. Inamalizia kwenye uwiano: mwekundu kwa infraredi. Kutoka kwenye uwiano mpaka kwenye 94 unayoiona kiooni, kuna jedwali ndani ya kifaa. Na jedwali hilo halikutoka kwenye kanuni ya fizikia. Limetokana na watu. Wanachukuliwa vijana wenye afya, wanavalishwa barakoa, wanavutishwa hewa iliyopunguzwa oksijeni kidogo kidogo mpaka oksijeni ya damu ishuke kuelekea asilimia 70. Wakati huohuo damu inachotwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono na kupimwa kwenye mashine ya maabara. Kila uwiano unaandikwa mbele ya jibu la maabara. Kwa hiyo namba ya oksimita, kusema kweli, ni makadirio: mtu mwenye mwanga kama wako, katika wale tuliowapima, alikuwa na asilimia kadhaa. Hapo ndipo mtu wa takwimu anatakiwa kunyoosha mkono na kuuliza: waliopimwa ni akina nani?

Melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, nayo humeza mwanga, na mwekundu huumeza zaidi kuliko infraredi. Kwenye nadharia safi hilo lisingekuwa tatizo kwa kuwa melanini haidundi. Kwenye kifaa halisi taa haitoi wimbi moja safi, inatoa mkanda wa mawimbi, na ngozi huukata mkanda huo upande mmoja kuliko mwingine kabla haujafika kwenye damu. Mwanga unaotoka ng'ambo ya kidole unakuwa mdogo, na uwiano unasogea kidogo. Jedwali lililotengenezwa zaidi kwa ngozi nyeupe linausoma uwiano uliosogea kana kwamba ni oksijeni zaidi. Kosa halirukiruki juu na chini. Linaegemea upande mmoja, na ndio upande wa hatari: mgonjwa anaonekana mzima kuliko alivyo. Manesi wetu wanajua sana kumwambia bibi harusi afute rangi ya kucha au asogeze kibano kidole kisicho na piko. Ngozi yenyewe haifutwi.

Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan wakiongozwa na Michael Sjoding walichapisha barua fupi katika jarida la New England Journal of Medicine. Hawakufanya jaribio jipya. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa waliowekewa oksijeni hospitalini kwao, wakatafuta kila mahali ambapo oksimita na kipimo cha damu ya ateri vilifanywa ndani ya dakika 10. Kisha wakauliza swali moja la kazini kabisa: oksimita ikisema 92 hadi 96, yaani ikisema hali si mbaya, ni mara ngapi damu inasema chini ya 88, yaani mgonjwa yuko hatarini?

Kwa wagonjwa weupe ilikuwa vipimo 99 kati ya 2,778, sawa na asilimia 3.6. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa 88 kati ya 749, sawa na asilimia 11.7. Kisha wakarudia kwa kumbukumbu za hospitali 178 za miaka ya 2014 na 2015: asilimia 6.2 kwa weupe, 17.0 kwa weusi. Mara mbili tofauti, hospitali tofauti, miaka tofauti, na pengo ni lilelile la karibu mara 3.

Mtu anayepima mifuko ya saruji angeanza kwa kuuliza kama pengo hili linaweza kuwa bahati mbaya ya sampuli. Ukifanya hesabu ya kawaida ya masafa ya asilimia 95, yaani mipaka ambamo asilimia halisi yaelekea kuwemo, weupe wanaangukia kati ya 2.9 na 4.3, weusi kati ya 9.4 na 14.1. Hesabu hiyo ina udhaifu: mtu mmoja aliweza kutoa vipimo vingi, na vipimo vya mtu mmoja hufanana, kwa hiyo masafa halisi ni mapana zaidi. Watafiti walilizingatia hilo. Yanapanuka, lakini hayagusani.

Swali la pili ni gumu zaidi, na nasikitika kwamba wengi walioisambaza habari hii hawakuligusa. Fikiri kundi moja limefika hospitali likiwa limezidiwa kuliko jingine. Hata kama oksimita inawakosea wote sawasawa, katika kundi lililozidiwa utakuta wengi zaidi walio chini ya 88 nyuma ya namba ya 94, kwa sababu tu walio chini ya 88 ni wengi zaidi kwenye kundi hilo. Na Marekani, mtu mweusi hufika hospitali akiwa amechelewa kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na taa ya kidoleni: bima, umbali, kazi isiyo na ruhusa. Kwa hiyo asilimia 11.7 peke yake haituambii kosa ni la kifaa au la maisha. Unatakiwa kwenda kupima kosa lenyewe, yaani oksimita toa maabara, kundi kwa kundi.

Hilo limefanyika. Mwaka 2022 utafiti uliohusisha hospitali za ukanda wa Baltimore na Washington, uliochapishwa katika jarida la JAMA Internal Medicine, ulikuta oksimita inazidisha kwa wastani wa pointi 1.2 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe, 1.1 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na 1.7 kwa wenye asili ya Asia. Nakumbuka rafiki yangu mmoja, mhandisi, aliposikia pointi 1.2 alitikisa kichwa: "Ndugu yangu, hiyo ni ndogo. Kipimo gani hakina kosa la namna hiyo?"

Nikachukua karatasi. Tuseme kosa la oksimita lina mtawanyiko, yaani kiasi ambacho makosa hutapakaa kutoka kwenye wastani wake, wa pointi 2, na kwa kundi la kwanza halijaegemea popote. Uwezekano wa kukosea kwa zaidi ya pointi 4 kwenda juu ni asilimia 2.3. Sasa sogeza kundi la pili kwa pointi 1.2 tu, mtawanyiko ukiwa uleule. Uwezekano wa kuzidisha kwa zaidi ya pointi 4 unakuwa asilimia 8.1. Zaidi ya mara 3. Wastani umesogea upana wa ukucha, mkia, yaani yale makosa makubwa ya pembeni, umevimba. Na mgonjwa hafi kwenye wastani. Anafia mkiani, pale namba inaposema 94 na damu inasema 87. Kwa hiyo pointi 1.2 na lile pengo la mara 3 la Michigan havigombani hata kidogo.

Halafu kuna mstari. Wakati wa corona, miongozo ya Marekani iliweka asilimia 94 kuwa mpaka wa kumhesabu mgonjwa kuwa amezidiwa na kumwanzishia dawa fulani. Unapoweka mpaka wa namba moja, kosa dogo la upande mmoja linageuka foleni: huyu ameingia, yule bado. Utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha kasi ya kutambuliwa kuwa unastahili matibabu ilikuwa chini kwa asilimia 29 kwa weusi na asilimia 23 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ukilinganisha na weupe. Kwa makadirio yao, wagonjwa 451 waliostahili hawakutambuliwa kabisa mpaka mwisho, na 247 kati yao, asilimia 54.8, walikuwa weusi.

Sasa turudi mlangoni, kwenye ukaguzi. Kifaa kilipitaje?

Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 ulitaka oksimita ijaribiwe kwa watu wasiopungua 10 wenye afya na vipimo visivyopungua 200. Kati yao, watu 2 au asilimia 15 ya waliojaribiwa, ipi ni kubwa, wawe na ngozi nyeusi. Kufaulu ni kwa namba moja tu: chukua kila kosa, lizidishe kwa lenyewe, tafuta wastani wa vyote, kisha kipeuo cha pili. Kwa kibano cha kidoleni, jibu lisizidi asilimia 3.

Nimewahi kuona viwango vingi vya bidhaa maishani mwangu, na hiki kilinikalisha kimya. Nitaeleza kwa namba za mfano. Chukua watu 10. Wanane wana ngozi nyeupe, kosa lao halijaegemea popote na mtawanyiko wake ni pointi 2. Wastani wa makosa yao yaliyozidishwa kwa yenyewe ni 4. Wawili wana ngozi nyeusi, mtawanyiko ni uleule wa pointi 2, lakini kosa limeegemea juu kwa pointi 3 nzima. Kwao wastani huo ni 9 jumlisha 4, yaani 13. Changanya wote: mara 8 ya 4 ni 32, mara 2 ya 13 ni 26, jumla 58, gawa kwa 10 unapata 5.8, kipeuo chake ni 2.4. Kifaa kimefaulu, tena kwa nafasi. Sasa wapime wale wawili peke yao: kipeuo cha 13 ni 3.6. Kimeanguka. Kifaa kilekile, siku ileile, watu walewale. Jibu limebadilika kwa sababu tu umewachanganya au hukuwachanganya.

Na hao wawili, hata ungewatenga, wangekuambia nini? Mtu mmoja anachotwa damu mara 20 hivi, na ndivyo watu 10 wanavyozaa vipimo 200. Vipimo 40 vya watu 2 si watu 40. Kama mmoja wao ana ngozi ya maji ya kunde na mwingine ana mzunguko mzuri sana wa damu vidoleni, ndio hao wanaosimama badala ya kila mtu mweusi kuanzia Chicago mpaka Kigoma. Neno "ngozi nyeusi" lenyewe halikuwa na kipimo kwenye mwongozo ule. Mkaguzi aliangalia kwa macho akaandika.

Linaloniuma ni kwamba fani yetu ina dawa ya ugonjwa huu, na ni ya siku nyingi. Mei 1924, Walter Shewhart, akifanya kazi Western Electric, kampuni ya Marekani iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkuu wake karatasi fupi yenye mchoro ambao leo ndio chati ya udhibiti: mstari wa kati, mipaka juu na chini, na alama za vipimo zikipita. Watu wanaikumbuka mipaka. Lakini nusu ya kazi ya Shewhart ni jinsi ya kugawa makundi kabla hujachora chochote. Usichanganye mazao ya mashine mbili kwenye hesabu moja, wala zamu ya usiku na ya mchana, wala saruji ya tanuri moja na nyingine, kama una sababu ya kushuku kwamba zinatofautiana. Ukizichanganya, tofauti kati yao inageuka kelele ya kawaida na chati itakaa kimya. Kijana wa mwaka wa kwanza kiwandani anafundishwa hili. Lingefuatwa kwenye oksimita, kila rangi ya ngozi ingekuwa na mstari wake, kwa sababu shaka ya kitaalamu ilikuwepo zamani.

Ilikuwepo kweli. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walichapisha katika jarida la Chest utafiti wa wagonjwa 54 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Makosa ya zaidi ya pointi 4 yalitokea kwenye asilimia 27 ya vipimo vya wagonjwa weusi na asilimia 11 kwa weupe. Wakasema wazi kwamba lengo la asilimia 92, linalotosha kwa mgonjwa mweupe, kwa mweusi lipandishwe mpaka 95. Mwaka 2005 maabara ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ikaonyesha kwamba kadiri oksijeni ya damu inavyoshuka, ndivyo oksimita inavyozidi kumpandishia mtu mwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo kati ya onyo la 1990 na barua ya Michigan ya 2020 kuna miaka 30. Mwongozo wa 2013, ule wa watu 2, uliandikwa katikati ya miaka hiyo, huku tafiti zikiwa mezani.

Hakuna aliyekaa akasema tuwaumize weusi. Simtuhumu mtu kwa hilo. Kilichotokea ni kwamba nani awe kwenye sampuli, nani ahesabiwe peke yake na kosa la ukubwa gani lisamehewe ni mambo yaliyoamuliwa na watu ambao ndugu zao wangeangukia kwenye wale wanane. Ukosefu wa usawa uliingia kupitia fomula ya kipeuo cha pili. Haukuhitaji chuki, na ndiyo maana haukupigiwa kelele.

Mambo yameanza kusogea. FDA ilitoa tahadhari Februari 2021, ikaitisha jopo la wataalamu Novemba 2022 na tena Februari 2024. Mwezi uliofuata, Machi 2024, tume huru iliyoongozwa na Profesa Margaret Whitehead huko Uingereza ilitoa ripoti kuhusu usawa katika vifaa vya tiba, na oksimita ikawa mfano wake wa kwanza. Januari 2025 FDA ikatoa rasimu ya mwongozo mpya: watu wasiopungua 150 badala ya 10, wapimwe rangi ya ngozi kwa kipimo, na makundi matatu ya rangi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi sana, kila moja liwe na angalau robo ya washiriki. Muhimu zaidi kwangu: makosa ya kundi moja yalinganishwe na ya jingine, si kukusanywa kwenye namba moja.

Hapo kuna jambo lililonifurahisha kwa namna ya pekee. Kipimo cha rangi kilichochaguliwa ni ngazi ya rangi 10 ya Ellis Monk. Monk si mhandisi wala daktari. Ni mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyetumia miaka akichunguza jinsi weusi au weupe wa ngozi, ndani ya jamii ileile, unavyoendana na kipato, elimu na afya ya mtu, Marekani na Brazili. Ngazi yake ilizaliwa kwenye utafiti wa ukosefu wa usawa, sasa imewekwa mezani mwa mkaguzi wa ubora, kando ya kipimo cha damu. Wakaguzi tuliamini muda mrefu kwamba maswali ya jamii ni ya watu wengine. Ngazi ile inanionyesha kwamba bila mtu wa aina yake sikuwa na hata rula ya kupimia kosa langu.

Marekani kosa hili linawaangukia wachache wa nchi. Kwetu linamwangukia karibu kila anayebanwa kidole. Marekani daktari akishuku namba anachota damu ya ateri na baada ya dakika chache ana jibu. Kwenye vituo vyetu vingi mashine hiyo haipo, kwa hiyo oksimita ndiyo shahidi na ndiyo hakimu. Kwa watoto wenye nimonia, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema oksijeni itolewe ikishuka chini ya asilimia 90, na tafiti zinaonyesha kosa hukua huko chini. Mtoto anayesoma 90 amebaki nje ya mstari kwa pointi 1.

Siandiki haya ili mtu atupe oksimita. Hospitali isiyo na oksimita ni mbaya mara nyingi kuliko yenye oksimita inayozidisha pointi moja au mbili. Bila kifaa, mtu mweusi aliyeishiwa oksijeni hugundulika akiwa amechelewa sana, kwa kuwa midomo yake haionyeshi ubluu upesi. Naomba isomwe inavyostahili. Karatasi ndogo ndani ya boksi huandika "±2%", na wengi tunaelewa kwamba kosa halizidi 2. Maana yake halisi ni kwamba vipimo karibu theluthi mbili tu vinaangukia ndani ya pointi 2. FDA yenyewe inasema 90 ya oksimita inaweza kuwa 86 au 94 kwenye damu. Tena hayo ni ya vifaa vilivyokaguliwa. Vingi vinavyouzwa madukani kwa bei ya chini havikupitia ukaguzi huo kabisa. Muuguzi anayeona 97 jana, 95 leo asubuhi, 93 jioni, ana habari nzuri kuliko anayeona 94 mara moja, kwa sababu kosa la kuegemea hubaki karibu palepale kwa mtu yuleyule, na mteremko unaonekana hata kama namba zote zimepandishwa.

Tangu hapo, rafiki au taasisi ikiniomba ushauri kabla ya kuagiza oksimita, kwa fedha za wafadhili au za wenyewe, nina ombi moja la kuandika kwenye barua kwa muuzaji. Tupeni jedwali la makosa, si namba moja. Safu ya kwanza rangi ya ngozi, ya pili idadi ya watu, watu si vipimo, ya tatu wastani wa kosa, ya nne mtawanyiko, na yote hayo yagawanywe mara mbili: oksijeni juu ya asilimia 85 na chini yake. Wauzaji wawili waliowahi kunijibu walituma cheti chenye namba moja, 2.1 na 1.9. Tuliwarudishia barua ileile, tukapigia mstari safu ya pili.